Picha Tatu za Jani Moja

Aibu hii nimekaa nayo muda mrefu, na sababu kubwa ya kuisimulia leo ni kwamba nimechoka kuwasikia wengine wakiisimulia kwa kuikosea. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mpiga picha aliyeng'oa isale la watu kule Rombo siku ya kupatanishwa ndugu. Chekeni sasa hivi mmalize, halafu mnisikilize, maana kosa halikuwa langu peke yangu, na hata leo nikikumbuka wale wazee wazima walivyonigeukia kana kwamba ugomvi wao wa miaka saba niliwaletea mimi kwenye mkoba, damu inanichemka.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Majengo, Moshi mjini. Kwetu ni Kondoa, shule niliiacha darasa la sita (si kwa ujinga, mwalimu alichoka na maswali yangu na mimi nikachoka na fimbo yake), na tangu hapo nilikuwa nimeuza mitumba, nimetengeneza redio, nimebeba mizigo ya watalii mlimani mara mbili, yaani kila kazi naijua nusu. Kamera niliipata kwa mpagazi mwenzangu. Mtalii alimwachia kama shukrani, yeye hakuwa na haja nayo, nikampa baiskeli yangu akanipa kamera, na kila mmoja aliondoka akiamini amemwonea mwenzake. Ilikuwa ya dijitali, siku ambazo mjini pale studio karibu zote bado zilikuwa za filamu, na unapiga halafu unaiona picha hapohapo nyuma kwenye kioo kidogo. Mimi kitu kama hicho siwezi kulala mpaka nijue kinafanyaje kazi.

Nikampelekea Fundi Hemedi, mzee mwenye studio ya chumba kimoja karibu na msikiti, ambaye nyuma ya kiti cha wateja alikuwa amechora ukutani bustani yenye swala wawili wasio na magoti. Nikamweleza shida yangu: kila nikipiga mtu na mlima pamoja, ama mtu anakuwa mkaa, ama mlima unapotea.

"Kamera ni mjinga," akasema. "Ukiielekeza kwenye theluji inaogopa weupe, inawatia watu giza. Ukiielekeza kwa mtu aliye kivulini, inamhurumia yeye, mlima unakuwa shuka jeupe. Usibishane nayo. Piga tatu. Ya kwanza ya giza, ya pili ya kati, ya tatu ya mwanga mwingi. Kati ya hizo tatu, moja itakuwa na akili."

Kamera nyingi zina kitufe kinachofanya kazi hiyo chenyewe. Yangu kitufe hicho kilikuwa kimekufa, kwa hiyo ilibidi nijifunze kwa mkono: unapiga, unazungusha kigurudumu kidogo chini ya kidole gumba, unapiga tena, unazungusha tena, unapiga ya mwisho, na wakati wote huo kamera isiondoke mahali pake. Wiki nzima nilikuwa napanda juu ya tangi la maji nyuma ya nyumba tangu alfajiri, kabla mlima haujajifunika mawingu, nikiupiga tatu tatu, na jirani yangu aliyekuwa akichoma vitumbua alinipigia kelele kila siku, "Wewe, mlima hauhami! Piga moja ushuke, unatutia wasiwasi!"

Na Fundi Hemedi alinipa onyo moja tu, ninyi ni mashahidi wangu, moja tu. "Aliye kwenye picha asibadilike," alisema. "Picha tatu, tendo moja. Akijisogeza, mwambie arudie." Mwambie arudie! Hayo ndiyo maneno niliyotoka nayo Majengo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Niliamka mapema, nikaona mlima umekaa wazi tangu chini mpaka juu, nikachukua mkoba wangu wenye nguo zote nilizonazo (ndiyo tabia yangu, sijui nitarudi lini), nikatoka bila kujua naenda wapi. Barabarani nikakuta lori la saruji linapakia, nikamuuliza dereva anaelekea wapi, akasema Rombo, nikasema na mimi ninaelekea Rombo. Saa mbili na nusu nilikuwa nimeshashuka, natembea kwenye njia nyembamba katikati ya migomba na kahawa, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi.

Ukiwa upande ule asubuhi, jua linaupiga mlima usoni. Mawenzi na meno yake hapa, Kibo na theluji yake kule nyuma, na chini migomba ina kivuli cheusi kama cha ndani ya nyumba. Ndiyo hasa mwanga aliousema Fundi Hemedi. Nikafika kwenye boma moja ambalo uwanja wake ulikuwa umefunguka upande wa mlima kama dirisha, nikapiga hodi niombe kupiga picha kutokea pale.

Akatoka mwanamume wa miaka hamsini hivi, amevaa koti la suti juu ya sweta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtu wa serikali?"

"Hapana mzee, napiga picha tu. Naomba niupige mlima kutokea hapa kwako."

"Mlima uko kila siku," akasema, akaitazama kamera. Halafu akageuka akaita ndani, "Gaudensia! Njoo uone, Mungu katuletea mpiga picha na hatukumwita!"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanaponisingizia kwamba nilijipenyeza. Sikujipenyeza. Nilikaribishwa, nikapewa kiti, nikapewa kikombe cha maziwa, na nikaelezwa jambo lote na Gaudensia mwenyewe, binti wa mzee yule. Baba yake, Aloyce, hakuwa anasalimiana na kaka yake Pantaleo, ambaye boma lake liko hapohapo, upande wa pili wa mpaka. Miaka saba nyuma Aloyce aliongeza banda la ng'ombe, na katika kuongeza aling'oa masale mawili ya mpakani. Isale ni ule mmea wa majani marefu wanaoupanda Wachaga kugawanya vihamba, mashamba yao ya urithi, na ukiung'oa umemwibia mtu ardhi ya baba yake. Basi hawakuzungumza tena. Hata kanisani mmoja aliingia mlango wa kulia na mwingine wa kushoto.

"Na Jumamosi ni harusi yangu," akasema Gaudensia. "Wakwe wamesema hawatakanyaga nyumba ambayo ndugu hawasalimiani. Baba mkubwa asipokaa pale mbele akaionja mbege yao, pombe ya ndizi ya desturi, hakuna harusi. Kwa hiyo leo baba anamwomba radhi. Ikishindikana leo, mimi sina Jumamosi."

Aliyasema akitabasamu, lakini mikono yake ilikuwa inaufinyanga upindo wa kanga mpaka umekuwa kamba.

Aloyce akaongeza, "Wewe piga ile saa anayopokea. Kaka yangu ni mtu mzuri, lakini ana tabia ya kusahau alichokubali. Nataka picha, akisahau nimwonyeshe."

Mnaona? Ushahidi waliutaka wenyewe.

Watu wakaanza kuja. Mzee Pantaleo aliingia wa mwisho, mrefu, fimbo mkononi, akakaa bila kumwangalia mtu. Msimamizi wa shughuli alikuwa shangazi yao, Veronika, bibi mdogo wa umbo ambaye kila aliposimama watu wote walikaa. Mtungi wa mbege ulikuwa pembeni umefunikwa kwa jani la mgomba. Na pale mpakani, nyuma ya banda, niliona masale mawili machanga yamepandwa, udongo wake bado mbichi. Aloyce alikuwa ameyarudisha jana yake.

Nikawapanga. Kuwapanga watu ni kitu cha ajabu, jamani. Mtu ambaye hasikilizi padri wala mwenyekiti wa kijiji, ukishika kamera ukamwambia sogea, anasogea. Nikawaweka ndugu wawili kwenye ukingo wa kivuli, uso kwa uso, Kibo katikati yao. "Mzee, inua kidevu kidogo." Akainua. "Wewe mzee, kofia." Akavua. Nikafurahi sana. Nikaweka kigurudumu kwenye giza, maana ndiyo ya kwanza.

Aloyce akachukua jani la isale lililofungwa fundo, akalishika kwa mikono miwili, akasema, "Kaka, nilikosa. Nakuomba kwa hili." Pantaleo alimwangalia muda mrefu kiasi kwamba nilisikia ng'ombe akitafuna bandani. Halafu akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea.

Nikabonyeza. Moja.

Kina mama wakaanza vigelegele, Pantaleo akalivuta jani kifuani, na mimi huku kidole changu kimeshazungusha kigurudumu kwenye mwanga wa kati, nikainua jicho, nikaona tendo limeshabadilika. Hawako tena kama walivyokuwa! Na kule juu wingu limeanza kulamba bega la Kibo, dakika tano nyingine hakuna mlima. Nikafanya kama nilivyofundishwa.

"Samahani wazee!" nikapaza sauti juu ya vigelegele. "Bado mbili! Mzee Pantaleo, mrudishie kidogo, tuanze tena!"

Na mzee Pantaleo, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa ameinua kidevu nilipomwambia inua kidevu, akanyoosha mkono amrudishie.

Wakati uleule jua likapenya kwenye majani ya migomba, likawaangukia wote wawili usoni, na mlima nyuma ukiwa bado wazi, theluji ikionekana mpaka mikunjo yake. Ningefanyaje? Nikabonyeza. Mbili.

Vigelegele vilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Shangazi Veronika akatoa mlio mmoja mrefu, "Yooo!", akashika kichwa. Na mimi, kwa mazoea tu, kwa wiki nzima ya kukaa juu ya tangi, kidole kikazungusha chenyewe, kikabonyeza ya tatu.

"Umenirudishia," Aloyce akasema taratibu.

"Mimi?" Pantaleo akaliangalia jani lililokuwa bado mkononi mwake, limenyooshwa mbele. "Huyu kijana kasema!"

"Na huo mkono ni wa nani? Wa kijana?"

"Aloyce, nimeambiwa nirudishe!"

"Miaka saba ulikuwa unatafuta namna. Leo umeipata, mbele ya watu, na picha juu."

Nikamuuliza mama mmoja aliyekaa karibu nami kuna nini. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mbuzi aliyeingia kanisani. "Isale ukiombewa huwezi kukataa," akasema. "Ukimrudishia aliyekupa, umemwambia mimi na wewe mpaka kaburini. Hujui hata hilo?"

Sikujua hata hilo! Ningelijulia wapi, Kondoa? Nilipewa maziwa, nikapewa historia ya banda la ng'ombe na milango ya kanisa, nikaambiwa habari za mpaka na harusi, lakini katika watu thelathini hakuna hata mmoja aliyeona afadhali amwambie mgeni mwenye kamera kwamba jani hili likishapokelewa halirudi. Na mzee Pantaleo alijua! Yeye alijua tangu anazaliwa, na mkono aliunyoosha!

"Tuone hizo picha," akasema shangazi Veronika.

Nikamkingia jua kwa kofia yangu ili aone kioo vizuri. Nikaanza na ya kwanza.

"Mbona giza?"

"Hii niliipiga ya giza kwa makusudi, bibi."

"Kwa makusudi!" akawageukia watu. "Mmesikia? Wakati anapokea, huyu kapiga giza kwa makusudi!"

"Bibi, ndivyo inavyotakiwa, zinakuwa tatu..."

"Endelea."

Ya pili. Jamani, sitasema uongo. Ile ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na pengine kuliko nitakazopiga. Mlima, migomba, kila mkunjo wa nyuso za wale wazee, kila mshipa wa lile jani. Na kilichoonekana wazi kuliko vyote ni mkono wa Pantaleo umenyooka unarudisha, na Aloyce amerudisha mikono yake nyuma, mdomo wazi, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Kipofu angeelewa.

"Yesu na Maria," akanong'ona mtu.

Ya tatu ilikuwa nyeupe, watu wamekuwa kama moshi, shangazi Veronika mwenyewe anaonekana macho na mdomo tu. "Na hapa ametutoa roho," akasema, akanirudishia kamera kwa ncha za vidole.

Hapo Gaudensia akaanza kulia. Hakulia kwa kelele, alikaa tu kwenye ngazi ya mlango akajifunika uso kwa ile kanga iliyokuwa kamba, na wazee wakaendelea kupigiana kelele juu ya kichwa chake, banda, mfereji, mazishi ya nani ambayo nani hakuja, kila kitu kikatolewa. Nikaona huyu binti anapoteza Jumamosi yake kwa ajili ya kigurudumu changu. Na mimi nina ugonjwa mmoja, kitu kikiharibika mbele yangu lazima nikitengeneze, hata kama sijui kimefungwaje.

Nikafikiri hivi: tatizo ni jani. Jani hili limeharibika, basi waletewe jipya, waanze upya, na safari hii nisishike kamera. Hesabu rahisi kabisa. Nikakimbia mpaka nyuma ya banda, nikaona isale la kwanza, nikashika jani lake zuri, nikavuta.

Halikukatika. (Nani angejua majani yale ni magumu kama mkanda?) Nikavuta kwa nguvu.

Likaja. Likaja lote, na mizizi, na udongo, na mbolea ya ng'ombe aliyoiweka Aloyce jana yake, nikarudi kinyumenyume mpaka uwanjani nikaketi chini mbele ya watu wote, isale la mpaka mkononi, linadondosha udongo kwenye suruali yangu.

Hata yule ng'ombe aliacha kutafuna.

Watu wa mkoa ule wana uchungu na vitu vingi, lakini kile nilichokuwa nimekishika ndicho kilichowatenga wale ndugu miaka saba, na mimi nilikuwa nimelirudia kosa lile kwa sekunde tatu, mchana kweupe, nikiwa na nia njema. Pantaleo na Aloyce wakageuka pamoja. Wakafungua midomo pamoja.

"Weka chini!"

Kwa sauti moja! Halafu wakatazamana, kwa sababu nadhani hata wao walisikia.

"Kaka, umemwona huyu?" Aloyce akasema.

"Nimemwona," akasema Pantaleo. "Hata wewe hukung'oa namna hii. Wewe angalau ulitumia jembe."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia, ikawa kama chafya. Shangazi Veronika hakucheka. Alinijia taratibu, akasimama juu yangu.

"Kijana, umeng'oa mpaka wa watu."

"Bibi, nilitaka jani tu..."

"Umeng'oa, hukung'oa?"

"Nimeng'oa."

"Basi unalo mkononi. Omba."

Nilipiga magoti. Mimi, mtu mzima, niliyekataa kupiga magoti kwa mwalimu wa darasa la sita, nilipiga magoti kwenye udongo na mbolea nikiwa nimekumbatia mmea mzima kama mtoto mchanga, mbele ya watu thelathini na kuku, nikasema, "Wazee wangu, nimekosa. Nawaomba kwa hili."

"Anamwomba nani?" Pantaleo akauliza. "Mpaka ni wa wote wawili."

"Basi mpokee wote wawili," akasema shangazi. "Au mnataka na mimi niwapigie magoti?"

Wakalipokea. Mmoja alishika shina, mwingine mizizi, maana lilikuwa zito na udongo. "Jembe liko wapi?" akauliza Pantaleo, na Aloyce akamjibu, "Liko kwangu, lile lako, hukuwahi kuja kulichukua," wakaondoka wote wawili kwenda mpakani wamelibeba. Tukawasikia wakibishana kule. "Sogeza huku." "Hapana, lilikuwa hapa, baba alipiga hatua tatu kutoka kwenye mkuyu." "Hatua tatu za baba au zako?" Lakini walikuwa wanabishana kama watu wanaofanya kazi moja. Waliporudi, Pantaleo alikuwa na lile jani la asubuhi, lenye fundo, limechomekwa kwenye mfuko wa shati, na akamwambia Aloyce kwa sauti ya wote kusikia, "Hili ninalo. Hukunipa leo kwa picha, umenipa." Kisha akafunua mtungi wa mbege yeye mwenyewe.

Sasa hapa, nyie watu wenye akili, mngetegemea nini? Mimi nilitegemea angalau kata moja kamili. Ugomvi wa miaka saba nimeumaliza kwa kiuno changu! Nilipewa nusu kata, ya mwisho, iliyobaki makapi, nikapewa nikiwa nimesimama, na shangazi Veronika akanisindikiza hadi njiani kwa heshima zote akaniambia, "Aika, asante, umekunywa. Jumamosi usionekane huku. Wala kesho."

"Bibi, picha za harusi je? Mzee Aloyce alisema..."

"Atakuja mpiga picha wetu, yule wa filamu. Yule anapiga moja, anakwenda kula."

Nikaondoka nimevimba. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya mfereji nikasikia miguu inakimbia nyuma yangu, nikafikiri wamebadili mawazo. Alikuwa Gaudensia, pumzi juu.

"Kaka, ile picha ya pili."

"Nitakuletea, nitaisafisha mjini. Ni nzuri sana, wewe hujaiona vizuri..."

"Nimeiona. Ifute."

Nikamwambia hajui anachosema. Nikamweleza kuhusu jua, wingu, theluji, nikamweleza kuhusu tangi la maji. Akaniacha nikamaliza.

"Baba mkubwa ana watoto watano," akasema. "Siku mmoja wao akigombana na mimi au na wanangu, wataitafuta hiyo picha. Nzuri sana, ndiyo. Inaonyesha kila kitu. Ndiyo maana."

Nikasimama pale kama nimepandwa. Mtu hafanyi kitu chochote kikamilifu maisha yake yote, siku moja jua na wingu na kidole vinakutana, halafu anaambiwa afute. Nikamtolea kamera, nikampa kofia yangu aweke kivuli, nikafika kwenye ile picha, nikabonyeza pa kufutia. Kamera ikauliza kama nina hakika. (Hata chombo kinauliza kabla ya kuharibu, lakini asubuhi yote ile hakuna mwanadamu aliyeniuliza.) Gaudensia akaangalia mpaka kioo kikahamia picha inayofuata, ile nyeupe, tukaifuta na hiyo.

Ikabaki ya giza. Ukiinamia karibu sana, unaona theluji kama mstari wa chaki, na chini yake mikono minne na kitu kati yake.

"Hiyo unitengenezee," akasema. "Hiyo ndiyo yenyewe."

Nikamwahidi nitaituma kwa yule dereva wa saruji. (Niliituma. Sikusikia chochote, wala asante, lakini niliituma.)

Mjini sikutaka kurudi, Fundi Hemedi angeniuliza nimepata nini. Nikashuka mpaka barabara kuu, nikakaa kwenye duka moja nikinywa chai na kujibishana na shangazi Veronika kichwani mwangu mpaka mchana umepita, halafu nikapata gari la viazi linaloelekea Tarakea, nikapanda. Sikuwahi kufika Tarakea. Ni mji wa mpakani na Kenya, mikokoteni, magunia ya mahindi, watu wanaongea bei kwa lugha tatu, na jua lilikuwa linazama nilipopata nyumba ya wageni yenye mlango wa bluu. Mwenye nyumba alikuwa mama mnene mchangamfu aliyekuwa akimenya ndizi huku akimwongelesha mteja mwingine.

"Karibu baba. Chumba kipo, maji ya moto yapo. Ngoja nimalizie habari," akaniambia, akaendelea, na akanijumuisha na mimi kwa ukarimu. "Umepita juu huko leo? Umesikia? Kuna mpiga picha mmoja, mtu wa kuja, kaingia kwenye boma la watu kang'oa masale yote ya mpaka. Yote! Kisa apate picha ya mlima vizuri. Wale ndugu walikuwa hawasemezani, wakapatana palepale kwa kumpiga."

"Hawakumpiga," nikasema.

Akaacha kumenya. "Umejuaje?"

"Nimesikia. Na lilikuwa isale moja."

"Mimi nimesikia yote. Ila limeleta heri, Jumamosi wanaozesha, wakwe wamekubali, kreti za soda wameagiza hapa hapa kwa jirani yangu jioni hii." Akafuta mikono, akafungua daftari la wageni. "Jina?"

Nikampa.

"Unatoka?"

"Moshi."

"Kazi?"

Mimi sifichi kazi yangu, sijawahi. Lakini nilikuwa nimeapa kwenye lile gari la viazi, juu ya magunia, kwamba mpaka nakufa sitamwambia tena mwanadamu arudie jambo alilokwisha kulifanya kwa moyo wake, hata mlima uvae dhahabu, na mtu aliyeapa hivyo sijui bado anaitwa mpiga picha au la. Yule mama alikuwa anasubiri, kalamu juu.

"Mkulima," nikasema.

Akautazama mkoba wangu wa kamera. Akazitazama kucha zangu, ambazo bado zilikuwa na udongo na mbolea ya Aloyce, akaonekana kuridhika, akaandika, akanipa ufunguo wa chumba namba nne.